Uchangamano si Ugumu: Hatari ya Jibu Moja katika Fasihi, Sayansi na Jamii

Katika kumbi za mihadhara za idara za Kiswahili kuna neno moja ambalo hutumika kama rungu la kumnyamazishia mwandishi. Neno lenyewe ni "ngumu". Riwaya ikimshinda msomaji katika kurasa tano za kwanza, husemwa kuwa ni ngumu. Shairi lisilofuata arudhi aliyoizoea huambiwa ni gumu. Baada ya hukumu hiyo kutolewa, mjadala hufungwa na mwongozo hununuliwa. Upande wa pili wapo wasomi wanaolivaa neno hilohilo kama nishani. Hao huamini kwamba makala yasiyoeleweka ni ushahidi wa kina cha fikra, na kwamba tasnifu isiyosomeka ndiyo inayostahili shahada. Makala haya yanashikilia kuwa pande hizi mbili zimekosea kwa namna moja: zote zimechanganya ugumu na uchangamano. Aidha, kosa hilo si la istilahi peke yake. Ni kosa ambalo limekwisha kuigharimu jamii, ziwani na nchi kavu.

Istilahi Tatu Zisizolingana

Ni vyema kuanza na lugha yenyewe, maadamu Kiswahili kimeweka akiba ya maneno ambayo wanafunzi wake hawaitumii ipasavyo. Ugumu ni hali ya kitu kumshinda mtu. Basi ugumu hautegemei kitu peke yake, bali hutegemea pia anayekikabili. Hesabu iliyo ngumu kwa mtoto wa darasa la tatu ni mchezo kwa mhasibu. Utata ni hali ya jambo moja kubeba maana zaidi ya moja, kama inavyofahamika katika somo la sentensi tata. Uchangamano ni jambo la tatu. Huu ni sifa ya mahusiano yaliyomo ndani ya kitu: sehemu zake zinategemeana kiasi kwamba moja haiwezi kung'olewa bila nyingine kubadilika.

Mwanafunzi yeyote wa sintaksia ana mfano wa hali hiyo mkononi. Chukua sentensi "Mvua ilinyesha". Hiyo ni sahili. Chukua "Mvua ilinyesha na mto ulifurika". Hiyo ni ambatano. Ukiikata kwenye kiunganishi, kila kipande kitasimama peke yake na maana yake haitapungua sana. Sasa chukua "Mto uliofurika mvua iliponyesha ulilibeba daraja ambalo wanakijiji walikuwa wamelijenga". Hiyo ni changamano. Ukiikata popote, vishazi tegemezi hubaki vikining'inia hewani, kwa kuwa "uliofurika" hudai mto na "ambalo" hudai daraja. Urefu sio uliotofautisha sentensi hizi, kwani mtu anaweza kuunga sentensi sahili ishirini kwa kiunganishi "na" akapata aya nzima isiyo na uchangamano wowote. Kilichozitofautisha ni kutegemeana.

Inashangaza kwamba mwanasayansi mmoja wa Marekani, Warren Weaver, aligawa matatizo ya sayansi kwa namna inayokaribiana mno na mgawo huo wa wanaisimu. Katika makala aliyoyachapisha mwaka 1948, Weaver alieleza kwamba sayansi ya karne zilizotangulia ilijishughulisha zaidi na matatizo sahili, yaani yenye vigeu viwili au vitatu. Baadaye ilijifunza kukabili mambo yenye sehemu nyingi mno zisizo na mpangilio, kama vile chembe za gesi ndani ya chombo. Hizo hazihitaji kufuatiliwa moja moja, kwa sababu takwimu na wastani hutosha. Lakini kati ya ncha hizo mbili, alisema, kuna uwanja mpana ambao sayansi ilikuwa haijauweza: mambo ambayo vigeu vyake si vingi kupindukia, ila vimefungamana na kuunda kitu kimoja. Kiumbe hai, uchumi wa nchi na maisha ya jamii vimo katika uwanja huo. Mwanaisimu angesema kwamba Weaver alikuwa akiwaonya wenzake wasiisome sentensi changamano kana kwamba ni ambatano.

Kanuni Chache, Matokeo Mengi

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kosa la kwanza la wanaoogopa uchangamano ni kudhani kwamba lazima utokane na vitu vingi au maneno mazito. Ushahidi wa kinyume chake umo katika ushairi wa Kiswahili. Kanuni za tarbia ni chache kiasi kwamba mwanafunzi wa kidato cha kwanza huzikariri kwa kipindi kimoja: mishororo minne kila ubeti, mizani kumi na sita kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho. Hata hivyo, kanuni hizo zilizokusanywa na Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954 ndizo zilizokuwa zimezaa bahari kubwa ya tungo kwa karne nyingi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alizitumia kwa malumbano ya kisiasa na kwa mapenzi. Abdilatif Abdalla aliandika tungo za Sauti ya Dhiki akiwa gerezani, na diwani hiyo ilipochapishwa mwaka 1973 ilidhihirisha kwamba umbo lilelile la jadi linaweza kubeba shutuma kwa dola, majonzi ya mfungwa na fumbo la kitaifa kwa wakati mmoja.

Jambo hilihili liliwastaajabisha wanahisabati. Mwaka 1976 mwanasayansi Robert May alichapisha makala kuhusu mlinganyo mfupi wa kukadiria idadi ya viumbe, kwa mfano wadudu, kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Mlinganyo huo huandikika kwa mstari mmoja na una kiwango kimoja tu cha kubadilisha, yaani kasi ya kuzaana. Kasi ikiwa ndogo, idadi hutulia mahali pamoja. Ikiongezwa, idadi hupanda mwaka huu na kushuka mwaka ujao. Ikiongezwa tena, mizunguko huongezeka maradufu, hatimaye mpangilio hupotea kabisa machoni, ingawa kanuni haijabadilika hata herufi moja. Kabla ya hapo, mwaka 1961, mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz alikuwa amegundua kwamba kufupisha tarakimu za desimali katika kielelezo chake cha kompyuta kulitosha kuzaa hali ya hewa tofauti kabisa baada ya muda. Funzo lake halikuwa kwamba dunia haina kanuni. Funzo lilikuwa kwamba kuzijua kanuni si sawa na kuyajua matokeo.

Kwa mwanga huo, hata mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970 unaweza kutazamwa upya. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, upande mmoja ulidai kwamba kuacha vina na mizani ni kuacha ushairi, na upande wa pili ukadai kwamba vina na mizani ni minyororo. Pande zote zilichukulia umbo kuwa ndicho kipimo. Lakini lipo shairi huru ambalo ni sentensi sahili zilizokatwakatwa, na ipo tarbia ambayo kila kina chake kinavuta maana ya ubeti uliotangulia. Vivyo hivyo kwa nathari. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi ni riwaya fupi zisizofika kurasa mia moja kila moja, na msamiati wake mwingi ni wa kawaida. Zimeitwa ngumu kwa sababu haziwezi kufupishwa kwa kusema "kwanza, kisha, mwishowe". Ugumu huo ni wa msomaji aliyezoea njia iliyonyooka. Uchangamano ni wa riwaya. Msomaji akibadilika, ugumu hupungua, ilhali uchangamano hubaki palepale na kuwa starehe.

Ziwa Lililosomwa kama Sentensi Sahili

Ikiwa uchangamano ungekuwa mjadala wa kumbi za mihadhara peke yake, ungeachiwa wahakiki. Habari ya ziwa Victoria inaonyesha kwamba sivyo. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, samaki aina ya mbuta waliingizwa katika ziwa hilo. Hoja iliyotolewa ilikuwa sahili: ziwa limejaa fulu, samaki wadogo wenye miiba mingi na bei ndogo; akiletwa samaki mkubwa wa kuwala, nyama isiyo na thamani itageuka kuwa nyama yenye thamani. Hoja hiyo ina kiima, kitenzi na shamirisho, basi.

Kwa muda wa miaka mingi hakuna kikubwa kilichoonekana. Kisha katika miaka ya 1980 mbuta waliongezeka ghafla, na fulu wakatoweka kwa kasi ambayo wanabiolojia wameieleza kuwa miongoni mwa maangamizi makubwa ya wanyama wenye uti wa mgongo katika karne ya ishirini. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba takriban aina mia mbili za fulu zilipotea. Ila tukio halikukomea majini. Fulu alikaushwa juani, lakini mbuta ana mafuta mengi na huhitaji moshi au kukaangwa. Kwa hiyo kuni zilihitajika na miti ikakatwa. Viwanda vya minofu vilijengwa kwa ajili ya soko la ng'ambo, na wanawake waliokuwa wakinunua samaki ufuoni wakajikuta wakishindana na malori yenye barafu. Wengi waliishia kuuza mifupa iliyotupwa na viwanda, ile ambayo wenyeji waliibatiza "mgongo wazi". Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hilo mara kadhaa kati ya 1997 na 1999 kwa sababu za kiafya, mvuvi wa kijiji ambacho hakijulikani Brussels alikosa mnunuzi. Na katika fuo za Kenya, ushindani wa kupata samaki ulichangia kuimarisha jaboya, mtindo wa mvuvi kumuuzia mwanamke samaki kwa sharti la ngono, ambao wataalamu wa afya wamekuwa wakiuhusisha na kuenea kwa virusi vya UKIMWI.

Hapa ndipo msomaji wa haraka hukimbilia kusema: basi mbuta ndiye mwovu. Jibu hilo nalo ni sentensi sahili. Watafiti wameonyesha kwamba katika miongo hiyohiyo mbolea za mashambani, mmomonyoko wa udongo na majitaka ya miji vilikuwa vikilirutubisha ziwa kupita kiasi. Mwani uliongezeka, maji yakawa machafu na hewa ya oksijeni ikapungua vilindini. Katika maji hayo, fulu ambao huchagua wenzi wao kwa rangi hawakuweza kuonana vizuri, na aina zilizokuwa zikitofautiana zikaanza kuchanganyika. Gugumaji nalo likaingia na kufunika ghuba katika miaka ya 1990. Baadaye, mbuta walipopungua kutokana na kuvuliwa kupita kiasi, baadhi ya fulu walianza kurejea. Hakuna kisababishi kimoja katika hadithi hii kinachoweza kusimama peke yake, na hakuna kinachoweza kuondolewa.

Jibu la Neno Moja

Kosa lililofanyika ziwani lilirudiwa nchi kavu, safari hii katika ufafanuzi. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, Kenya ilitumbukia katika ghasia zilizodumu hadi mkataba wa maridhiano wa tarehe 28 Februari 2008. Zaidi ya watu 1,100 walikufa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Vyombo vingi vya habari, hasa vya nje, vilikuwa na jibu lao tayari nalo lilikuwa la neno moja: ukabila. Neno hilo halikuwa uongo. Lilikuwa kishazi tegemezi kilichotolewa kama sentensi kamili.

Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, iliyotoa ripoti yake mwezi wa Oktoba 2008, ilichora picha nyingine. Ilitaja mazoea ya kutumia ghasia kisiasa yaliyokita mizizi tangu miaka ya 1990 bila wahusika kuadhibiwa. Ilitaja mamlaka yaliyolimbikizwa katika ofisi ya rais, hisia za kunyimwa haki hususan katika ugavi wa ardhi, na wingi wa vijana maskini wasio na ajira. Ilionyesha vilevile kwamba ghasia hazikuwa za sura moja. Mahali pengine zilizuka papo kwa papo, pengine zilipangwa na kufadhiliwa, na zaidi ya theluthi moja ya vifo ilitokana na risasi. Anayesema "ukabila" na kunyamaza hawezi kuieleza risasi ya askari, wala hawezi kueleza kwa nini majirani haohao waliishi pamoja kwa miaka mingi kati ya uchaguzi mmoja na mwingine.

Fasihi ya Kiswahili iliifanya kazi hiyo ya kueleza. Katika Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, jirani wa miaka mingi anaiteketeza nyumba ya Ridhaa pamoja na jamaa zake. Riwaya haimwachi msomaji aishie kwenye moto. Inamrudisha hadi ardhi na ukoloni, hadi utotoni ambapo Ridhaa alibaguliwa shuleni kwa kuitwa "mfuata mvua", na inamkabili na uchaguzi ambao ulichochewa pia na chuki dhidi ya mgombea wa kike, Mwekevu. Riwaya hii ilitahiniwa katika mtihani wa KCSE kwa miaka kadhaa. Je, maelfu ya vijana walioisoma walijifunza kuona mafungamano hayo? Wachache, pengine. Wengi walikutana nayo kupitia miongozo, ambamo sababu za ghasia zimepangwa kwa orodha: kwanza ukabila, pili uongozi mbaya, tatu umaskini. Kila nukta ina alama yake na kila nukta inasimama peke yake. Riwaya changamano imegeuzwa ambatano ili isahihishwe kwa urahisi. Hakuna nukta inayouliza jinsi ya pili ilivyoizaa ya kwanza, au jinsi ya tatu ilivyokodishwa na ya pili.

Pingamizi na Jibu Lake

Lipo pingamizi la haki dhidi ya hoja hii. Wengine watasema kwamba uchangamano ni maficho ya wenye hatia. Mwanasiasa akibanwa, hudai kwamba "suala hili ni tata", na akamaliza hapo. Ikiwa kila kitu kimesababishwa na kila kitu, basi hakuna aliyekosa. Kadhalika, mwalimu mwenye wanafunzi sitini na vipindi vichache hana budi kurahisisha.

Pingamizi la kwanza hujibiwa na sintaksia. Hata sentensi iwe changamano namna gani, haikosi kishazi huru, na kiima chake hakifutwi na wingi wa vishazi tegemezi. Kueleza mazingira ya tendo si kumwondolea mtenda tendo lake. Kwa hakika, anayetaka kuficha hatia huitumia sentensi sahili ya kauli ya kutendwa: "watu waliuawa", "nyumba zilichomwa". Katika sentensi hizo fupi ndimo mtenda anamopotelea. Uchangamano humrejesha, kwa kuuliza nani alichoma, nani alimlipa, nani alijua akanyamaza.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Kurahisisha ni sehemu ya ufundishaji, na hakuna anayeanza kujifunza sarufi kwa sentensi changamano. Ila mwalimu wa sarufi hamwambii mwanafunzi kwamba sentensi sahili ndiyo aina pekee iliyopo. Ramani ya Nairobi haina budi kuacha vichochoro vingi, na bado inafaa, mradi msafiri ajue kuwa ameshika ramani. Wahenga walilijua hilo. Walisema "haraka haraka haina baraka", na wakasema pia "ngoja ngoja huumiza matumbo". Hawakuwa wamejisahau. Waliwaachia wasikilizaji kazi ya kupima ni lini methali ipi itumike.

Jukumu la Kiswahili

Suala hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili kuliko watu wengine wote, na sababu yake ni ya kihistoria. Ripoti ya tume iliyotajwa hapo juu ina zaidi ya kurasa mia tano, nayo iliandikwa kwa Kiingereza. Tafiti nyingi kuhusu ziwa Victoria zimeandikwa kwa Kiingereza. Mwananchi wa kawaida hukutana na yaliyomo kwa muhtasari wa dakika mbili redioni. Hivyo mgawanyo wa kazi umejengeka kimyakimya: mafungamano huelezwa kwa Kiingereza, nalo jibu la neno moja hutolewa kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi za Kenya. Lugha rasmi inayopewa mihtasari peke yake ni rasmi kwa jina tu, na raia wanaoitegemea huletewa maamuzi wasiyoweza kuyahoji.

Kipo kinachoweza kufanywa bila kungoja serikali. Watahini wanaweza kubadilisha neno moja katika maswali yao. Badala ya "taja sababu", waulize "onyesha uhusiano kati ya sababu". Idara zinaweza kukubali tasnifu zinazosoma ripoti za tume, mijadala ya bunge na maandishi ya sayansi kwa zana zilezile zinazotumika kusomea riwaya. Wanafunzi wa uzamili wanaweza kuacha kuficha hoja nyembamba ndani ya istilahi nene, kwa kuwa huko ni kuongeza ugumu bila kuongeza uchangamano hata chembe. Na vyama vya Kiswahili vyuoni, ambavyo kila mwaka huandaa makongamano kuhusu "nafasi ya Kiswahili", vinaweza kumwalika mwanabiolojia wa samaki na mvuvi wa mbuta katika meza moja, wote watakiwe kuzungumza Kiswahili. Istilahi zitakazokosekana siku hiyo zitakuwa za kuundwa kwa haja, si kwa mapambo.

Kwa kuhitimisha, ieleweke kwamba hakuna anayedaiwa kuzipenda kazi zote zinazomshinda. Zipo kazi ambazo ni ngumu kwa sababu zimeandikwa vibaya, na hizo zistahimiliwe kwa muda mfupi tu. Kinachodaiwa ni kwamba kabla ya kulitoa rungu la "ngumu", msomaji ajiulize kama kilichomshinda ni maneno au ni mafungamano. Ikiwa ni maneno, kamusi ipo. Ikiwa ni mafungamano, aketi na kuyafumua moja baada ya jingine, kwa maana siku moja ataombwa kura, au ardhi, au samaki wa ziwa lake, na anayemwomba atakuja na sentensi sahili.